Mwanariadha wa Kongo ajifunze kusoma mkataba kabla ya kushinda

Kabla ya mwaka 2015, Boris Berian alikuwa mfanyakazi wa mgahawa wa McDonald's huko Marekani. Alikuwa ameacha chuo, hakuwa na mdhamini, na mazoezi ya mbio aliyafanya nje ya saa za kazi. Mwezi Machi 2016, kijana huyo alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 katika mashindano ya ukumbini mjini Portland. Miezi mitatu baadaye, watu hawakuzungumzia tena mbio zake. Walizungumzia kesi. Kampuni ya Nike ilikuwa imemshitaki kwa ajili ya mkataba mfupi aliousaini mwaka uliotangulia.

Kwa kawaida mikataba ya makampuni ya viatu ni siri. Mwanariadha hukatazwa kutaja anacholipwa, na mwenzake anayekimbia naye mstari mmoja hajui kama anapata zaidi au kidogo. Kesi ya Berian ilifungua kabati hilo. Karatasi za mahakama zilionyesha kwamba kampuni ya New Balance ilikuwa tayari kumlipa dola za kimarekani 125,000 kwa mwaka, kwa muda wa miaka mitatu, bila vipunguzo. Lakini mkataba wake wa zamani uliipa Nike haki ya kulinganisha: kampuni nyingine ikileta pendekezo, Nike inaweza kulilipa sawasawa na kubaki na mwanariadha. Nike ilisema imelinganisha. Upande wa Berian ukajibu kwamba karatasi ya Nike ilikuwa na vipunguzo ambavyo New Balance haikuviweka, kwa hiyo si sawa. Nike ikasema vipunguzo ni desturi ya biashara hiyo.

Mwezi Juni 2016, siku chache kabla ya mchujo wa Olimpiki, Nike iliondoa mashitaka. Berian alivaa viatu vya New Balance, akafuzu, na akafika fainali ya mita 800 ya Rio de Janeiro. Lakini majuma aliyopaswa kuyatumia uwanjani aliyatumia na mawakili.

Kijana anayekimbia asubuhi katika barabara za Butembo, Bunia, Kolwezi au Lubumbashi anaweza kufikiri kwamba habari hiyo ni ya Wamarekani. Sivyo. Mbio huamua nani anavuka mstari wa kwanza, lakini mkataba ndio huamua nani atakula mwezi ujao. Na mkataba husainiwa mara nyingi wakati mkimbiaji yuko kijana, hana pesa, hana mtu wa kumsomea, na anaogopa kwamba akiuliza maswali mengi bahati itaondoka.

Zawadi za mbio peke yake hazitoshi

Watu wengi wanadhani mkimbiaji wa kimataifa anaishi kwa zawadi za ushindi. Hesabu inaonyesha kitu kingine.

Mashindano makubwa ya kila mwaka kwa wakimbiaji wa mita 800 na 1500 ni Diamond League. Mpaka msimu wa 2024, mshindi wa mbio moja ya kawaida alipewa dola 10,000. Wa pili alipata 6,000, wa tatu 3,500, wa nne 2,000, wa tano 1,250, wa sita 1,000, wa saba 750, na wa nane 500. Kuanzia 2025 mfuko uliongezwa, na katika baadhi ya mbio mshindi hupata dola 20,000. Huo ni mwendo mzuri. Lakini tazama mtu anayemaliza wa sita mara sita kwa msimu kwa malipo ya 2024. Huyo ni mmoja wa wakimbiaji bora wa dunia nzima, na mbio zote sita zimemletea dola 6,000.

Hizo 6,000 haziingii zote mfukoni. Meneja anayemtafutia nafasi katika mbio kwa kawaida huchukua asilimia 15. Kocha ana sehemu yake. Mashindano yakifanyika Marekani, serikali ya huko kwa kawaida hukata kodi ya asilimia 30 kwa mgeni asiye mkaaji. Kwa hiyo mshindi wa dola 10,000 huko anaweza kubaki na 7,000 baada ya kodi, na 5,500 baada ya meneja, kabla ya kocha kupata kitu. Tena pesa hazitolewi uwanjani. Hungojea majibu ya vipimo vya dawa za kuongeza nguvu, na kungoja huko kunaweza kuchukua miezi.

Mashindano ya dunia yanalipa vizuri zaidi: dhahabu ni dola 70,000, fedha 35,000, shaba 22,000, na wa nane hupata 5,000. Lakini hayo hufanyika kila baada ya miaka miwili, na watu wanane tu kati ya wote waliokwenda ndio hulipwa. Katika Olimpiki ya Paris 2024, shirikisho la riadha duniani, World Athletics, lililipa dola 50,000 kwa kila mshindi wa dhahabu kwa mara ya kwanza katika historia. Wa pili na wa tatu hawakupata kitu kutoka mfuko huo. Wao wameahidiwa kuanzia Los Angeles 2028. Aliyetangaza uamuzi huo ni Sebastian Coe, rais wa shirikisho, aliyeshinda mita 1500 ya Olimpiki mwaka 1980 na 1984.

Kuna jambo lingine linalomwumiza hasa mkimbiaji wa masafa ya kati. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kwenda barabarani karibu mwaka mzima, na miji mikubwa humlipa hata kwa kujitokeza tu kwenye mstari wa kuanzia. Mkimbiaji wa mita 800 hana soko hilo. Kazi yake iko katika viwanja vichache vya Ulaya, Amerika, Asia na Afrika, hasa kati ya Mei na Septemba, na nafasi za kila mbio huhesabiwa kwa vidole. Akiumia mguu mwezi wa tano, mwaka wake wa mapato umekwisha.

Ndiyo maana mshahara wake wa kweli unatoka kwa kampuni ya viatu. Na ndiyo maana kila neno la karatasi hiyo lina uzito kuliko sekunde.

Ndani ya kontra kuna nini

Mkataba wa udhamini, au kontra kama watu wa Lubumbashi na Goma wanavyosema, huwa na sehemu tatu ambazo mkimbiaji lazima azitenganishe kichwani.

Ya kwanza ni malipo ya msingi. Hiyo ni pesa ya mwaka ambayo kampuni inaahidi kulipa, mara nyingi kwa mafungu ya kila miezi mitatu. Ya pili ni bonasi: kiasi fulani kwa medali, kwa rekodi, au kwa muda fulani uliokimbiwa. Ya tatu ni vipunguzo. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu vipunguzo huandikwa nyuma kabisa, katika kurasa ambazo mtu mwenye furaha hafiki.

Kipunguzo kinafanya kazi hivi. Kampuni inaahidi kwa mfano dola 30,000. Lakini karatasi inasema: mwanariadha asipokimbia idadi fulani ya mashindano, kampuni itakata sehemu. Asipokuwa katika orodha ya wakimbiaji kumi bora wa mwaka, itakata tena. Asipoingia timu ya taifa, itakata tena. Mtu anaumia, anakosa msimu, na vifungu vyote vitatu vinamwangukia siku moja. Zile 30,000 alizowaambia wazazi wake zinaweza kubaki nusu au chini yake. Na hata hivyo hawezi kwenda kwa kampuni nyingine, kwa sababu bado amefungwa.

Kampuni zina hoja yake na inafaa isikilizwe. Zinatoa pesa kwa ajili ya matangazo, na mwanariadha asiyeonekana uwanjani hatangazi kitu. Wako pia waliosaini, wakajenga nyumba, wakaacha mazoezi. Hakuna mfanyabiashara anayependa kulipia duka lililofungwa. Lakini tayari kampuni ina bonasi za kumtofautisha anayeshinda na asiyeshinda. Kipunguzo cha jeraha kinafanya jambo lingine: kinamwachia mtu mmoja, mwenye mwili wake tu, mzigo wote wa hatari ambayo kampuni kubwa inaweza kuibeba bila kuhisi. Mkataba wa dola 20,000 zisizopunguzwa unaweza kuwa bora kuliko wa 40,000 wenye vipunguzo vinne. Kijana asiyejua hilo atachagua 40,000, na watu wa mtaa watamsifu.

Halafu kuna kile kifungu cha Berian, haki ya kulinganisha. Kikiandikwa bila mpaka, kinamaanisha kwamba hata baada ya mkataba kwisha, mwanariadha hayuko huru sawasawa. Kampuni nyingine zinajua hivyo, na baadhi hazitajisumbua kuleta pendekezo ambalo mwenzao atalichukua. Anayesaini anapaswa kuuliza: haki hiyo inadumu siku ngapi? Na kulinganisha ni kulinganisha vyote, pamoja na kutokuwepo kwa vipunguzo, au ni jumla ya dola tu?

Mkimbiaji pia ajue mwili wake umekwisha kugawanywa. Mmarekani Nick Symmonds, aliyepata medali ya fedha ya mita 800 katika mashindano ya dunia ya Moscow 2013, alifanya jambo la ajabu mwaka 2012. Aliweka bega lake mnadani kwenye intaneti ili kampuni iandike jina lake hapo. Kampuni moja ya matangazo ya Milwaukee ililipa dola 11,100. Katika mashindano rasmi alilazimika kulifunika bega hilo kwa utepe, kwa sababu kanuni hazikuruhusu tangazo la aina hiyo. Mwaka 2015, akiwa bingwa wa Marekani, alikataa kusaini karatasi ya shirikisho la nchi yake iliyohusu kuvaa mavazi ya Nike, mdhamini wa timu ya taifa, kwa sababu maneno yake hayakueleza wazi ni wakati gani hasa. Yeye alidhaminiwa na Brooks. Aliachwa nyumbani, na mashindano ya dunia ya Beijing yakafanyika bila yeye.

Mtu anaweza kumwita mkaidi. Lakini alionyesha jambo ambalo kila mwanariadha wa Kongo atakutana nalo siku akivaa rangi za taifa: jezi ya taifa nayo ina mdhamini, shirikisho nalo lina mkataba, na mkimbiaji mara nyingi hajui nani alilipwa kwa mgongo wake.

Mimba, kanuni na bahati mbaya

Kwa wanawake mambo ni mazito zaidi. Alysia Montaño, mkimbiaji wa mita 800, alishiriki ubingwa wa Marekani mwaka 2014 akiwa na mimba ya miezi karibu minane. Picha zake zilizunguka dunia. Mei 2019 alieleza katika New York Times jinsi mwanariadha anayebeba mimba anavyoweza kusimamishiwa malipo na mdhamini wake, kana kwamba mimba ni jeraha. Wanariadha wengine walisema pia. Baada ya miezi michache, Nike ilitangaza kwamba haitapunguza malipo ya mwanariadha mjamzito kwa muda wa miezi 18, na makampuni mengine yakaweka ahadi zinazofanana.

Hilo lilipatikana kwa sababu wanawake walivunja ukimya. Na hesabu ya kibiashara iko upande wao. Faith Kipyegon wa Kenya alishinda mita 1500 ya Olimpiki mwaka 2016, akajifungua mtoto mwaka 2018, kisha akashinda tena Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Tarehe 5 Julai 2025 mjini Eugene aliweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 48.68. Kampuni inayomkatia mama malipo kwa sababu amepumzika mwaka mmoja inaweza kuwa inaitupa miaka yake bora.

Kuna pia hatari ambazo hakuna mguu unaozikimbia. Burundi, jirani wa Uvira, inamjua Francine Niyonsaba, aliyeipa nchi hiyo medali ya fedha ya mita 800 huko Rio 2016. Kanuni za World Athletics kuhusu viwango vya homoni, zilizoanza kutumika mwaka 2019, zilimfungia mbio za kutoka mita 400 hadi maili moja. Hakulala. Alihamia masafa marefu, na Septemba 2021 huko Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000. Mwaka 2023 kanuni zikapanuliwa hadi mbio zote. Mtu anaweza kukubali au kukataa kanuni hizo. Mabishano ni makali hata kati ya wataalamu. Lakini kwa upande wa riziki somo ni moja. Kazi ya mkimbiaji inaweza kufungwa kwa barua kutoka ofisi ya mbali, na mwenye mkataba usioeleza nini kitatokea siku hiyo anabaki mikono mitupu.

Hata pesa kubwa zilizotangazwa kwa kelele zinaweza kuchelewa. Mwaka 2025, Michael Johnson, bingwa wa zamani wa mbio fupi, alianzisha Grand Slam Track, ligi iliyoahidi dola 100,000 kwa mshindi wa kila kundi. Mashindano matatu yalifanyika, la nne la Los Angeles likafutwa, na wanariadha wakabaki miezi mingi wakidai jasho lao. Walikuwa mabingwa wa dunia wenye mameneja na mawakili. Kama hao walingoja, nani atamlipa mapema kijana asiye na wakili?

Jirani alijenga ngazi ya chini

Mafanikio ya Kenya mara nyingi hufasiriwa kwa milima na hewa nyepesi ya Iten. Milima inasaidia, lakini Kongo nayo ina milima. Nyanda za juu za Lubero, Masisi na Minembwe zina baridi, miinuko na watoto wanaotembea kilomita nyingi kwenda shule. Kilichopo Kenya na kisichopo Kongo ni ngazi ya chini ya kupandia.

Ngazi hiyo ina vipandio vinavyojulikana. Kuna mashindano ya shule yanayofika mpaka taifa. Kuna kambi za mazoezi. Na kuna jambo ambalo halisemwi sana: jeshi, polisi na magereza ya Kenya huajiri wanariadha. Kijana anayekimbia vizuri anaweza kupata sare na mshahara wa kila mwezi. Si pesa ya kutajirisha, lakini anayekula tayari anaweza kumwambia wakala: niache niisome karatasi hii juma moja. Mwenye njaa husaini usiku huohuo.

Emmanuel Wanyonyi ni mfano wa umbali ambao ngazi hiyo inaweza kumpeleka mtu. Utotoni aliwahi kuacha shule na kuchunga ng'ombe za watu. Agosti 2024, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 20, alishinda mita 800 ya Olimpiki mjini Paris kwa dakika 1 na sekunde 41.19. Mwaka uliofuata alichukua ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Kipaji kilikuwa chake. Lakini kipaji hicho kilikuta shule, makocha, mashindano na mameneja wakiwa wamekwisha kuwepo.

Kenya yenyewe si paradiso. Wako wakimbiaji wake waliofilisika, waliodhulumiwa, na wengi waliofungiwa kwa kutumia dawa walizodhani zitawaletea mkataba. Hilo nalo ni fundisho. Pale ambapo mapato yote yanategemea sekunde moja ya siku moja, kishawishi cha kuiba sekunde hiyo kinakuwa kikubwa. Mshahara mdogo lakini wa uhakika ni dawa dhidi ya dawa.

Kongo inajua kudhamini, swali ni nani

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1968 mjini Mexico. Mpaka Paris 2024 haijapata medali hata moja. Kila mara jibu linalotolewa ni lilelile: nchi ina vita, nchi ina shida nyingine, pesa hakuna.

Vita ni kweli. Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa M23 mapema mwaka 2025, na hakuna mzazi wa Kivu anayeweza kuambiwa kwamba viatu vya misumari ni muhimu kuliko usalama wa mtoto wake. Lakini hoja ya kwamba pesa hakuna ilijibiwa na serikali yenyewe. Mwaka huohuo wa 2025, Kinshasa ilisaini mikataba ya udhamini na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona. Ule wa Barcelona ni wa miaka minne, na vyombo vya habari viliripoti thamani ya zaidi ya yuro milioni 40. Jina la Kongo liko kwenye jezi za mazoezi za wachezaji wa Ulaya.

Watetezi wa mikataba hiyo wanasema inatangaza utalii na sura nzuri ya nchi, na kwamba inahusu pia mafunzo kwa vijana. Inawezekana. Hata hivyo hesabu ndogo haimdhuru mtu. Yuro milioni 40 kwa miaka minne ni milioni 10 kwa mwaka. Wakimbiaji 20 wa Kongo wakilipwa dola 500 kila mmoja kwa mwezi, gharama ya mwaka mzima ni dola 120,000. Hiyo ni karibu asilimia moja ya kile kinachokwenda Barcelona kwa mwaka. Kwa asilimia moja hiyo, vijana 20 wangeamka asubuhi wakijua chakula kipo, na siku wakala akibisha hodi wangekuwa na nguvu ya kusema hapana.

Makampuni ya Kongo nayo yanajua kudhamini. Ya bia na ya simu yamelipia tamasha za wanamuziki kwa miaka mingi, na ligi ya mpira ilibeba kwa muda jina la Vodacom. Makampuni ya madini ya Haut-Katanga na Lualaba yana bajeti za kusaidia jamii zinazoyazunguka. Mkimbiaji mmoja wa mita 1500 ni mradi wa bei ndogo mbele ya tamasha moja la usiku mmoja. Kinachokosekana ni mtu wa kupeleka pendekezo lililoandikwa vizuri, lenye hesabu, na lenye maelezo ya nini kampuni itapata.

Kwa hiyo kazi iko kwa watu watatu.

Shirikisho la riadha lianze kwa jambo lisilo na gharama kubwa: kuwa na wakili mmoja wa kusoma mkataba wowote wa mwanariadha kijana kabla hajasaini, na kuandika kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo, Tshiluba na Kifaransa karatasi ya kurasa mbili inayoeleza malipo ya msingi, bonasi, vipunguzo, haki ya kulinganisha, ada ya meneja na mimba. Shirikisho liseme pia wazi nani anadhamini jezi ya taifa na kwa kiasi gani.

Serikali iruhusu jeshi na polisi kuajiri wakimbiaji kwa sifa ya mbio zao, kwa idadi inayojulikana na kwa orodha inayotangazwa, ili nafasi zisiwe za ndugu za wakubwa.

Na mkimbiaji mwenyewe, pamoja na wazazi wake, akatae kusaini siku ya kwanza. Aulize nikiumia nitalipwa nini. Aulize naweza kuondoka lini. Aulize meneja anachukua asilimia ngapi, ya zawadi peke yake au ya mkataba pia, na pesa zitapitia akaunti ya nani. Abaki na nakala yake. Mgeni mwenye nia njema hatakasirika kwa maswali hayo, na anayekasirika amekwisha kujibu.

Berian alikuwa na mawakili na magazeti ya nchi tajiri yakimfuatilia, na bado karatasi moja ilikaribia kumzuia kwenda Olimpiki. Siku Kongo itakapompata mtu wake wa kwanza wa kukimbia mita 800 chini ya dakika moja na sekunde 44, simu zitaanza kulia mara moja, kutoka Ulaya, kutoka Marekani, na kutoka kwa watu wa mtaani wasiojua hata kufunga kiatu cha misumari. Wakati huo utakuwa umechelewa kutafuta wakili. Atakayemsaidia kijana huyo ni yule aliyemfundisha kusoma karatasi alipokuwa bado anakimbia peke yake, saa kumi na moja asubuhi, hajulikani na mtu.